Usiniambie imegoma, niambie umeona nini

Kuna neno moja nalisikia karibu kila siku hapa kwenye stesheneri yangu Moshi, "imegoma". Mtu anapiga simu, salamu yenyewe hajaimaliza, dada websaiti yetu imegoma. Imegomaje? Imegoma tu, haifunguki. Na hapo ndo kazi inapoanzia, sijagusa kompyuta wala sijafungua cPanel, ile paneli ya kuendeshea websaiti, kwanza nikae na huyo mtu taratibu mpaka aniambie alichokiona kwa macho yake mwenyewe, maana mi sipo pale alipo, kioo anakiangalia yeye.

Wanaonijua wanajua natoa kopi, nataipu barua, napiga picha za paspoti, lakini kwa miaka kadhaa sasa nashika pia websaiti za vikundi. Kwaya, vicoba, umoja wa waliosoma pamoja, vikundi vya kuzikana, vijana wanaopandisha wageni mlimani. Karibu zote zimejengwa kwa programu za bure, nyingi WordPress, chache Joomla, moja Drupal. Vikundi hivi havina hela ya kumwajiri mtu wa kompyuta na wala havimhitaji kila siku, vinahitaji mtu wa kumpigia simu siku mambo yakiharibika. Leo nasimulia websaiti moja tu, ya Joomla, ya kijiji kimoja kule Kibosho, ile ilinifundisha kuliko zote.

Ilikuwa Jumanne tarehe 5 Desemba 2023, usiku. Mnakumbuka kipindi kile, mgao wa umeme umepamba moto, mvua za El Nino zinapiga bila huruma. Niko nyumbani, giza, laptopu ina chaji nusu, simu inaita. Kuangalia ni Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu, katibu wa umoja wa maendeleo wa kijiji chao, na kule kila mtu anamwita Mwalimu, hata waliomzidi umri.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nisamehe kukusumbua usiku huu. Websaiti imegoma, na huku watu wameanza kusema."

Hiyo ya watu kusema ndo ilinifanya nikae vizuri. Websaiti yenyewe haina makubwa, ina picha za mfongo, yaani mfereji wetu wa maji wa asili, unavyotengenezwa, ina mihtasari ya vikao, na ina ukurasa mmoja ambao ndo roho ya kitu kizima, orodha ya michango. Kila aliyechanga jina lake lipo, kiasi, tarehe, na namba ya risiti. Kuna waliopo Dar, kuna waliopo Mwanza, kuna mama mmoja yupo Uingereza anatuma kila baada ya miezi mitatu, wote wanafungua pale kuhakikisha. Sasa Desemba kwetu inajulikana, kuanzia tarehe 20 magari kutoka Dar yanaunga foleni kurudi nyumbani, na tarehe 27 kuna kikao cha kijiji cha mwaka, hesabu zinasomwa mbele ya watu. Halafu wiki tatu kabla ya kikao orodha inapotea, ukifungua unakuta ukurasa mweupe. Kwenye grupu la WhatsApp mtu mmoja alikuwa ameshaandika, majina yetu mmeyafuta kwa nini, hela ziko wapi.

Mwalimu hajawahi kula hata shilingi ya mtu. Nilisikia sauti yake imebadilika.

Nikamwambia Mwalimu tulia, tuanze mwanzo. Ukifungua kwenye simu yako unaona nini hasa, kuna maandishi yoyote? Akasema hamna kitu, nyeupe, kama karatasi. Hamna neno hata moja la Kiingereza hapo juu? Hamna. Haya, mwombe mtu mwingine hapo nyumbani afungue kwa simu yake, mwenye laini ya mtandao tofauti na wako. Nikasikia anamwita mjukuu. Mjukuu naye nyeupe. Basi nikajua tatizo haliko kwenye simu ya Mwalimu wala kwenye bando lake, liko kule kwenye seva, kompyuta inayohifadhi websaiti. Sasa bonyeza pale juu kwenye anwani, mwishoni ongeza mkwaju halafu andika administrator, ndo mlango wa msimamizi kwenye Joomla. Napo pakawa peupe. Hii ikaniambia jambo la pili, kwamba kilichoanguka kinaguswa na kila ukurasa, sio orodha peke yake.

Sasa swali ninaloliamini kuliko yote. Mwalimu, mara ya mwisho uliiona ikiwa nzima lini, na tangu hapo kitu gani kimebadilika?

Watu wengi hapo hujibu hakuna kilichobadilika, na hawadanganyi, hawakumbuki. Mwalimu akasema subiri. Nikasikia kiti, nikasikia kurasa zinafunuliwa, kumbe ana kaunta buku. Ile kubwa ya kurasa nyingi, ameichora mistari kwa rula kama daftari la mahudhurio la darasani, tarehe, kilichofanyika, aliyefanya. Akaanza kunisomea kwa tochi ya simu ya mjukuu. Jumapili tarehe 3 Desemba, baada ya misa, nimeongeza majina manne, nimefungua kuhakiki, yameonekana. Akarudi nyuma. Jumatatu tarehe 27 Novemba, imeili ya kampuni ya hostingi, wanaotutunzia websaiti, kwa Kiingereza, wanasema PHP itapandishwa kutoka 7.4 kwenda 8.1 tarehe 4 Desemba, sijaelewa, nimehifadhi.

Aisee. Sijaelewa, nimehifadhi. Nilitamani nimkumbatie kwenye simu.

Kwa msioshika haya mambo, PHP ndo lugha ambayo Joomla, WordPress na Drupal zimeandikwa, na inakaa kwenye seva, sio kwenye faili zako. Mwenye seva akiipandisha, programu yako inaamka asubuhi inakuta lugha imebadilika, kuna maneno ya zamani yamefutwa. Toleo la 7.4 liliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, kwa hiyo kampuni kulipandisha ni haki yao na ni jambo jema kabisa, na taarifa walitoa. Shida ni kwamba taarifa ilimfikia mtu asiyejua inamhusu vipi, na ndivyo ilivyo kwenye vikundi vingi, imeili ya hostingi inaenda kwa katibu, katibu anaona Kiingereza na namba, anafunga. Wengi hata hawahifadhi.

Nikaunga intaneti ya simu kwenye laptopu, nikaingia cPanel. Kabla ya chochote nikachukua bakapu, faili zote nikazifunga kwenye zipu, databezi, yaani ghala la taarifa zenyewe, nikaitoa kwa phpMyAdmin, nikashusha vyote viwili kwenye laptopu. Chaji inashuka naiona, bando linakatika naliona, lakini sikuruka hatua hiyo na nitawaambia baadae kwa nini siiruki. Afu nikafungua faili linaloitwa configuration.php, hapo Joomla inaweka mipangilio yake yote, nikatafuta mstari wa error_reporting, unaoamua makosa yaonyeshwe kiasi gani, ulikuwa umeandikwa default, nikaweka maximum. Kuhifadhi likakataa. Hili huwa linawachanganya wengi, Joomla yenyewe hulifunga hilo faili kwa ruhusa ya 444, yaani kusomwa tu, unabadilisha kuwa 644, unahifadhi, ukimaliza unarudisha.

Nikafungua websaiti tena. Ule weupe ukatoka, yakaja maandishi, na kati yake mstari mmoja: Call to undefined function each(). Pembeni yake njia ya faili, inaelekea kwenye folda la plugins, kwenye ekstensheni (plagini, kiongezo cha programu) ya kuonyesha picha ambayo kijana aliyewajengea websaiti zamani aliiweka na haijawahi kuapdetiwa. Hiyo each ni neno la PHP la zamani, tangu 7.2 mwaka 2017 walishatangaza litaachwa, na kwenye 8.0 likaondolewa kabisa. Plagini ya zile picha ilikuwa inaamka kila ukurasa unapofunguliwa, ikifika kwenye hilo neno inakufa, na ikifa inaondoka na nyumba nzima. Orodha ya michango haikuwa imeguswa hata herufi. Majina yote yalikuwa kwenye databezi, yametulia, namba za risiti na kila kitu.

Nikampigia Mwalimu. Nikamwambia majina yapo yote, hakuna kilichofutwa, nimeyaona mwenyewe kwenye jedwali. Alinyamaza kidogo halafu akasema, asante mwanangu, basi naomba uniandikie sentensi mbili niweke kwenye grupu. Nikamwandikia kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba kampuni inayotunza websaiti imepandisha mtambo wake tarehe 4, programu yetu ya picha ni ya zamani haikuelewana nao, taarifa zote za michango ziko salama na bakapu imechukuliwa usiku huu. Sikuandika neno "tatizo la kiufundi". Hilo neno linafunika, na mtu ambaye ameshaanza kuwa na wasiwasi na hela yake ukimfunikia ndo unamthibitishia.

Usiku ule nilichofanya ni kurudisha PHP ya ile websaiti kuwa 7.4 pale pale cPanel, kampuni ilikuwa bado imeacha nafasi hiyo, nikarudisha na ile error_reporting kama ilivyokuwa maana mistari ya eraa inaonyesha njia za faili zako na sio vizuri kila mpita njia azione. Websaiti ikasimama. Lakini mnajua mgomba wenye mkungu mkubwa ukiegemezwa kwa fito, umesimama ndio, ila ukitoa fito unakuja chini. PHP 7.4 imeshaachwa, na Joomla 3 yenyewe muda wake wa kuhudumiwa uliisha tarehe 17 Agosti 2023, miezi minne nyuma. Ilibidi tuhame.

Naomba nisimame hapa niseme kuhusu hili neno bure, maana naona linaleta matatizo mengi ambayo sio ya kompyuta. Sisi Kiswahili kimetupa maneno mawili, bure na huru, na hizi programu ni vyote viwili. Joomla, WordPress na Drupal zote ziko chini ya leseni ya GPL, maana yake unaruhusiwa kuitumia, kuifungua uone ndani, kuibadilisha na kumpa mwenzako. Ni mali ya waliojitolea kuiandika na ni mali yako. Lakini hakuna mtu uliyemlipa kwa hiyo hakuna mtu unayemdai. Ukipata shida anayekujibu ni mtu amerudi kazini kwake, amekula, ameamua saa yake moja ya jioni ampe mtu asiyemjua. Ukimwandikia imegoma, nisaidieni haraka, umemchosha kabla hajaanza, atalazimika kukuuliza maswali kumi ndo afike pale ambapo ungempeleka kwa sentensi tatu. Maelezo yako mazuri ndo malipo yake.

Na Joomla jamani jina lenyewe ni letu. Mwaka 2005 waandishi wake walijitoa kwenye programu iliyokuwa inaitwa Mambo, wakatafuta jina jipya, wakachukua neno la Kiswahili jumla, kwa maana ya wote pamoja, wakaliandika kwa namna ya Kiingereza. Nilipomwambia Mwalimu alifurahi sana, akaliandika kwenye kaunta buku lake kwa kalamu nyekundu. Hadi leo akitaja anasema Jumla, na mi simrekebishi maana yeye ndo yuko sahihi.

Turudi kwenye kuhama. Joomla 3 hairuki moja kwa moja kwenda 5, unapitia 4 kwanza, na huwezi kujaribu kwenye websaiti ambayo watu wanaitazama kila saa. Nikatengeneza kopi pembeni, kwenye sabdomeini, yaani anwani ndogo chini ya ile kuu, faili zile zile, databezi mpya yenye taarifa zile zile. Kopi ikafunguka vizuri ukurasa wa kwanza. Nikibonyeza linki yoyote narudishwa kwenye websaiti halisi. Nikilogini napelekwa kwenye halisi. Siku mbili nzima nahangaika, nafuta kachi (kumbukumbu za muda), nabadilisha brauza, naangalia .htaccess, faili la amri za seva, mstari kwa mstari, wateja wanangoja kopi zao na mi macho yako kwenye kioo.

Mwisho nikaamua kuwaandikia watu wa kujitolea wa Joomla. Nikaandika, kwa Kiingereza changu, kopi yangu haifanyi kazi vizuri tafadhali msaada. Nikatuma. Siku nzima kimya. Jioni nikasoma nilichoandika, nikaona nimeandika neno lile lile ambalo nawakataza watu. Nimeandika imegoma.

Nikafuta nikaanza upya. Natumia Joomla 3.10, PHP 7.4. Nimenakili websaiti kutoka domeini kuu kwenda sabdomeini. Nilitegemea linki za kopi zibaki kwenye kopi. Ninachoona, kila linki inanirudisha kwenye domeini kuu, hata ya kulogini. Nimeshajaribu kufuta kachi, nimeshajaribu brauza tatu, .htaccess haina amri ya kuelekeza kwingine. Nikaweka na configuration.php yangu, nimeshaondoa jina la databezi, paswedi, na ule mstari wa secret, na hili nawasisitizia sana, usiweke hilo faili popote bila kuondoa hivyo vitu.

Jibu lilikuja haraka. Mstari mmoja tu. Angalia live_site, iache wazi.

Nikaangalia. Kweli, kijana aliyejenga zamani aliandika anwani kamili ya websaiti kwenye ule mstari wa live_site, ambao kawaida unatakiwa uwe na alama mbili za kunukuu na katikati pasiwe na kitu. Kwa hiyo kopi ilikuwa inajiita kwa jina la mama yake. Nikafuta, nikahifadhi, kopi ikatulia. Huyo aliyenijibu sijawahi kumwona na sitamwona, simjui yuko nchi gani, nilirudi nikamwandikia kwamba ndiyo, ilikuwa hiyo, na nikaeleza nilichokiona na nilichofuta ili mwingine akikwama pale pale akute jibu kamili. Watu wengi hawarudi. Wakishapona wanaondoka na swali linabaki linaning'inia, anayekuja mwaka wa pili anakuta wagonjwa wawili na hajui yupi alipona kwa dawa gani.

Sasa nilisema nitawaambia kwa nini siruki bakapu. Miaka ya mwanzo nilikuwa Arusha, nasaidia kikundi cha akina mama wa vicoba, websaiti ya WordPress, ina fomu ambayo wanachama wanajaza. Nikaingia nikaona apdeti kumi na kitu zinasubiri, nikabonyeza zote kwa pamoja, na kati yake plagini ya fomu ilikuwa imeruka matoleo mengi. Katikati umeme ukakatika kwenye ile ofisi, intaneti ikaondoka nayo. Tuliporudi fomu haikufunguka, nikadhani nikiifuta nikaiweka upya itapona, nikaifuta. Ilipofutika ikaondoka na majedwali yake, taarifa za wanachama walizojaza kwa zaidi ya mwaka zimekwenda. Bakapu ya kampuni ya hostingi tulipoomba ilikuwa imeshafunikwa na mpya. Mama mwenyekiti hakunigombeza. Alichukua kalamu, akaanza kuwapigia mmoja mmoja simu, dada hebu nikumbushe namba yako ya kitambulisho, na mi nimekaa pembeni yake naandika. Ilichukua wiki mbili. Ile sauti ya kuuliza tena na tena bado naisikia kila nikitaka kubonyeza kitufe cha kuapdeti.

Kwa hiyo bakapu kwanza, na isikae kwenye seva ile ile peke yake. Nimekutana na vikundi viwili ambavyo websaiti iliacha kufanya kazi kwa sababu bakapu zenyewe zimejaza nafasi yote ya hostingi, diski imejaa, databezi haiwezi kuandika, kila kitu kimekwama. Ishushe, iweke kwenye flashi, iweke na kwa mtu wa pili. Kwenye Joomla natumia Akeeba Backup, ile ya bure inatosha kabisa, inafunga faili na databezi kwa pamoja.

Mengine nayapitia haraka maana yanajirudia sana. WordPress ikikuambia kuna kosa kubwa, angalia imeili ya msimamizi, tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 inatuma linki ya kuingilia upande wa marekebisho na inataja plagini iliyosababisha, tatizo imeili hiyo mara nyingi ni ya mtu aliyeshaondoka kwenye kikundi. Kama huingii kabisa, nenda wp-content, badilisha jina la folda la plugins liwe hata plugins-zamani, plagini zote zinalala, ukiweza kuingia unarudisha jina na kuziamsha moja moja mpaka uione mbaya. Ikisema haiwezi kuunganisha na databezi, kabla hujagusa wp-config.php, faili la mipangilio la WordPress, uliza kama kuna mtu amebadilisha paswedi ya databezi wiki hiyo. Ikija na maonyo ya usalama, mara nyingi cheti cha usalama cha websaiti kimeisha, vile vya bure vya Let's Encrypt vinadumu siku 90 na vinatakiwa vijihuishe vyenyewe, ukiona havijajihuisha kuna kitu kimezuia. Na kabla ya yote hayo, jamani, angalia kama domeini imelipiwa. Nimesafiri kwenda kutengeneza websaiti ambayo ugonjwa wake wote ulikuwa ada ya mwaka.

Na themu (mavazi ya websaiti) za kulipia ambazo mtu anakupa bure kwenye flashi, naomba mziache. Kwaya moja waliwekewa, baada ya muda ukitafuta jina lao Google linakuja na maandishi ya kuuza viatu na madawa. Ndani ya ile themu kulikuwa na mlango wa nyuma wa kuingilia wahalifu. WordPress ina maelfu ya themu huru za halali, chukua huko.

Tarehe 27 Desemba nilipanda Hiace nikaenda Kibosho, Mwalimu alinialika. Turubai limefungwa uwanjani, mvua imepumzika, watu wa Dar na watoto wao, wazee mbele. Ilipofika zamu ya hesabu Mwalimu hakusoma kwenye karatasi peke yake, alisema wenye simu fungueni. Nikawa natazama watu wanainamisha vichwa, wanasogeza kidole, wanatafuta majina yao. Yule ndugu aliyeandika kwenye grupu hela ziko wapi alikuwepo, alisimama akasema mbele ya watu kwamba jina lake ameliona, na namba ya risiti anayo mfukoni ni ile ile, na akamwomba radhi Mwalimu. Mtu mwingine akapendekeza tuachane na websaiti tubaki na grupu tu, ni rahisi. Mama mmoja akamjibu kabla yangu, mi simu yangu iliibiwa Machi, grupu lote la zamani lilikwenda nayo, ila jina langu hapa nimelikuta.

Kuhama kwenyewe tulikufanya Januari, watu wameshaondoka, mzigo ni mdogo. Jumamosi tarehe 20 Mwalimu alikuja dukani na mjukuu wake, binti wa kidato cha nne, ana kichwa kizuri. Ekstensheni ya picha ya zamani tukaitoa, tukapanda hadi Joomla 4.4, templeti ya zamani haikukubali tukaanza na Cassiopeia ambayo inakuja nayo, tukapeleka PHP 8.1. Binti ndo alikuwa anabonyeza, mi naangalia tu. Ukurasa wa michango ulipofunguka alihesabu mistari, akalinganisha na ya zamani, zikalingana.

Mwalimu akafungua kaunta buku, akaongeza kwa rula safu ya nne ambayo haikuwepo, juu yake akaandika Kilichoonekana. Afu akamsogezea mjukuu kalamu. Binti akaandika tarehe, akaandika tumehama kutoka 3.10 kwenda 4.4, bakapu ziko mbili, moja flashi ya babu moja kwa dada wa stesheneri. Alipofika kwenye ile safu mpya akaniangalia, akauliza niandike imekubali?

Babu yake akamwambia hapana, andika ulichokiona.

Akaandika: majina yote 214 yapo, picha za mfongo zinafunguka, kitufe cha kutafuta kwenye simu ndogo kinakatwa upande wa kulia, bado.